Dawa ya Kuazima: Historia ya Tiba ya Mtoto Mahututi katika Afrika Mashariki

Ndani ya pakiti ya dawa iliyosajiliwa mna kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi, chenye maandishi madogo mno. Watu wengi hukitupa pamoja na pakiti yenyewe. Hata hivyo, kikaratasi hicho ni hati yenye uzito wa kisheria. Hutaja ugonjwa ambao dawa imeruhusiwa kuutibu, umri wa mgonjwa anayeweza kupewa, dozi yake, na njia ya kuitumia: kumeza, kuchomwa sindano au kupaka. Mamlaka ya serikali huyakubali maneno hayo baada ya kukagua ushahidi ulioletwa na mtengenezaji. Katika vikaratasi vya dawa nyingi mtoto hatajwi kabisa, au hutajwa kwa onyo fupi kwamba usalama wa dawa hiyo kwa watoto haujathibitishwa.

Onyo hilo fupi ndilo mada yetu ya leo. Daktari anapompa mgonjwa dawa kwa ugonjwa, umri, dozi au njia isiyotajwa katika kibali chake, tunasema ameitumia dawa hiyo nje ya kibali. Jambo hili si lazima liwe kosa, wala si dalili ya uzembe. Katika wodi za watoto ni jambo la kila siku, kwa kuwa mtoto anayepigania roho hawezi kungoja utafiti ambao haujafanywa. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika wodi za watoto za nchi 5 za Ulaya. Kati ya watoto 624 waliochunguzwa, asilimia 67 walipewa angalau dawa moja isiyo na kibali au iliyotumika nje ya kibali chake. Basi tusidhani kwamba hili ni tatizo la nchi maskini peke yake.

Wanafunzi wangu wa Malakia wanaozungumza Kiarabu cha Juba hulitambua neno dawa kabla hawajafungua kitabu cha Kiswahili, kwa kuwa lugha hizo mbili zimelipata katika chemchemi moja. Neno kibali nalo lina asili ya Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kukubali. Kwa hiyo, kila tunaposema kwamba dawa ina kibali, tunapaswa kuuliza: nani amekubali, na kwa ushahidi upi? Hilo ni swali la raia kama lilivyo swali la daktari.

Hoja ya makala haya ni moja. Kuazima dawa ya mtu mzima kwa ajili ya mtoto kunaweza kuwa tendo la huruma na la lazima. Lakini mazoea, hata yakiwa ya miaka mingi na ya madaktari bingwa, hayageuki kuwa ushahidi mpaka yapimwe. Hospitali za Afrika Mashariki zimelifundisha jambo hilo kwa dunia nzima, na somo lenyewe lilipatikana kwa gharama kubwa.

Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa

Mtu asiye mtaalamu anaweza kufikiri kwamba, ikiwa mtu mzima wa kilo 60 hupewa kidonge kimoja, mtoto wa kilo 15 atafaa kupewa robo yake. Hesabu hiyo ni rahisi, lakini mwili wa mtoto haufuati hesabu rahisi. Ini la mtoto mchanga halijakomaa, hivyo huchelewa kuivunja dawa. Figo zake huchelewa kuitoa kwa njia ya mkojo. Sehemu kubwa zaidi ya mwili wake ni maji, hivyo dawa husambaa kwa namna nyingine. Akiisha kuvuka miezi ya mwanzo, mambo huweza kugeuka: mtoto wa miaka 3 huweza kuivunja dawa fulani upesi kuliko mtu mzima, akahitaji dozi kubwa zaidi kwa kila kilo ya uzito wake. Tena mtoto mahututi, ambaye damu haimzunguki vema, si sawa na mtoto mwenye afya wa umri uleule.

Mfano unaojulikana sana ni wa kloramfenikoli. Dawa hii iliua vijidudu vingi kwa watu wazima, na katika miaka ya 1950 ilianza kutolewa kwa watoto njiti hospitalini ili kuwakinga na maambukizi. Mwaka 1959 madaktari wa Marekani walichapisha ulinganisho uliowashtua wenzao: watoto waliopewa dawa hiyo walikufa kwa wingi kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Ngozi zao zilibadilika kuwa za rangi ya kijivu, mapigo ya moyo yakadhoofika, wakafariki. Ini lao changa lilikuwa limeshindwa kuivunja dawa, ikarundikana mwilini siku baada ya siku.

Tangu hapo walimu wa udaktari wamekuwa wakiwakumbusha wanafunzi wao kwamba mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa. Methali yetu nayo husema bila haya kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Dawa iliyopimwa kwa mwili wa mtu mwingine inaweza kumfaa mtoto, lakini inaweza pia kumwacha wazi mahali asipotazamia.

Mayatima wa tiba

Sheria nyingi za dawa duniani zilizaliwa na misiba ya watoto. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani iliichukua dawa ya salfanilamidi, iliyokuwa ikitolewa kama kidonge au unga, ikaiyeyusha katika kioevu kitamu ili iwe rahisi kunywewa. Kioevu hicho, daithilini glaikoli, kilikuwa sumu. Zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwamo watoto wengi. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ilitunga sheria iliyomtaka mtengenezaji aonyeshe kwamba dawa yake ni salama kabla ya kuiuza.

Msiba wa pili ulikuwa wa thalidomaidi, dawa ya usingizi iliyoanza kuuzwa Ujerumani Magharibi mwaka 1957 na kuondolewa sokoni huko mwaka 1961. Wajawazito waliitumia kutuliza kichefuchefu. Duniani kote walizaliwa watoto zaidi ya 10,000 wenye ulemavu, wengi wakiwa na mikono au miguu mifupi mno. Mwaka 1962 Marekani ilikaza sheria yake: sasa mtengenezaji alipaswa kuthibitisha pia kwamba dawa inatibu kweli.

Hapa pana kinaya ambacho mwanafunzi wa uraia anapaswa kukitafakari. Sheria zilikazwa kwa sababu watoto waliumia, lakini matokeo yake yalikuwa kuwaacha watoto nje ya mlango. Kupima dawa kwa watoto kulikuwa kugumu, kwa gharama, na kwenye hatari ya kushitakiwa. Kwa hiyo makampuni mengi yaliona nafuu kuandika kwamba dawa haijapimwa kwa watoto, kisha yakanyamaza. Daktari alibaki na mtoto mgonjwa kitandani na dawa isiyokuwa na neno juu yake. Katika miaka ya 1960 daktari wa Marekani, Harry Shirkey, aliwaita watoto hao mayatima wa tiba.

Uyatima huo uliendelea kwa miongo kadhaa. Mwaka 2002 na 2003 Marekani ilitunga sheria za kuyashawishi na kuyalazimisha makampuni kupima dawa kwa watoto, na mwaka 2007 kanuni ya Umoja wa Ulaya yenye shabaha hiyohiyo ilianza kutumika. Mwaka huohuo wa 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya dawa muhimu kwa watoto. Orodha ya namna hiyo kwa watu wazima ilikuwako tangu 1977. Watoto walingoja miaka 30.

Kilifi na dawa ya degedege

Sasa turejee nyumbani, katika pwani ya Kenya. Kilifi ni mji ulio kaskazini ya Mombasa, na hospitali yake ya serikali imekuwa na kituo cha utafiti wa afya tangu 1989. Katika miaka ya 1990 wodi yake ya watoto ilipokea wagonjwa wengi wa malaria iliyopanda kichwani. Watoto hawa hupoteza fahamu na kushikwa na degedege mara kwa mara. Degedege la muda mrefu huweza kuharibu ubongo, hivyo lilikuwa jambo la busara kufikiri kwamba akikingwa nalo mapema, mtoto atapona vizuri zaidi.

Dawa ya kumkinga ilikuwapo. Fenobabitali imetumika tangu mwanzo wa karne ya 20 kutibu kifafa. Ni ya bei nafuu na haikosekani katika hospitali nyingi. Utafiti mdogo wa Thailand, uliochapishwa mwaka 1988, ulikuwa umeonyesha kwamba sindano moja ya dozi ndogo huzuia degedege kwa wagonjwa wa malaria ya kichwani. Kwa watoto wa Kilifi ilionekana kwamba dozi kubwa zaidi ingehitajika. Wangeweza kuanza kuitumia tu, kama ilivyo desturi ya kuazima. Badala yake, waliamua kuipima kwanza.

Watoto 340 waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa sindano ya fenobabitali, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito. Kundi la pili lilipewa sindano isiyo na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Kuhusu degedege, dawa ilifanya kazi barabara: watoto walioshikwa nalo mara 3 au zaidi walikuwa asilimia 11 katika kundi la dawa, na asilimia 27 katika kundi lisilopewa. Kama watafiti wangekomea hapo, leo dawa hiyo ingekuwa inasifiwa.

Lakini walihesabu pia vifo. Katika kundi lisilopewa dawa walikufa watoto 14, yaani asilimia 8. Katika kundi la fenobabitali walikufa 30, yaani asilimia 18. Dawa iliyotuliza degedege ilikuwa imezidisha vifo maradufu. Watoto wengi zaidi katika kundi hilo waliacha kupumua, na hatari ilikuwa kubwa hasa kwa wale waliopewa pia dozi 3 au zaidi za diazepamu, dawa nyingine ya kutuliza degedege. Pasipo mashine ya kupumulia, kupumua kukisimama hakuna msaada mwingi.

Angalieni vizuri kilichotokea. Muuguzi aliyesimama kando ya kitanda angemwona mtoto ametulia, hatikisiki tena, naye angeshawishika kuamini kwamba dawa imemsaidia. Jicho lake lisingekuwa na kosa. Utulivu ulikuwapo kweli. Ila hakuna jicho la mtu mmoja, kitandani pa mtoto mmoja, liwezalo kuona tofauti iliyopo kati ya asilimia 8 na 18. Tofauti hiyo huonekana kwa kuhesabu tu. Katika wodi ambayo hakuna anayehesabu, dawa ya namna hiyo ingeweza kutumika miaka mingi, na kila kifo kikaandikwa kuwa ni cha malaria.

Dripu ya maji

Miaka 11 baadaye somo lilirudi kwa sura nyingine, na safari hii lilihusu kitu kisichotiliwa shaka na mtu: dripu. Mtoto mwenye homa kali, ambaye mikono na miguu yake imekuwa baridi kwa sababu damu haizunguki vema, katika nchi tajiri alipewa maji mengi ya mshipa kwa haraka. Huo ulikuwa mwongozo rasmi, nao ulifundishwa vyuoni. Katika hospitali nyingi za Afrika desturi hiyo haikuwa imeenea, na wataalamu walitumaini kwamba ikienea itaokoa maisha ya wengi.

Utafiti ulioitwa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland, ulianza mwaka 2009 katika hospitali 6: Kilifi nchini Kenya, Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda, na Teule, wilayani Muheza, Tanzania. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini ya damu. La pili lilipewa kwa haraka maji ya chumvi. La tatu halikupewa maji ya haraka, bali yale ya kawaida ya polepole. Kila kundi lilipata dawa nyingine zote zilizostahili.

Januari 2011 utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakachapishwa mwaka huohuo. Katika saa 48 za kwanza, vifo vilikuwa asilimia 10.6 katika kundi la albumini, asilimia 10.5 katika kundi la maji ya chumvi, na asilimia 7.3 katika kundi lisilopewa maji ya haraka. Kwa lugha nyepesi, katika kila watoto 1,000 waliomiminiwa maji ya haraka, takriban 33 walikufa ambao wangeishi kama wasingemiminiwa.

Lazima niweke tahadhari hapa, mtu asije akalichukua somo hili kombo. Watoto wenye kuhara na kutapika hawakuwamo katika ulinganisho huo; mtoto aliyepoteza maji kwa kuhara bado huhitaji kurudishiwa maji, na maji humwokoa. Utafiti ulihusu watoto wenye homa kali ambao mzunguko wa damu yao umedhoofika, katika hospitali zisizo na vyumba vya uangalizi maalumu wala mashine za kupumulia. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa kwa ajili ya tiba ya dharura ya watoto, nao uliyazingatia matokeo hayo.

Pale kuazima kulipothibitika

Pengine msomaji ameanza kufikiri kwamba kila dawa ya kuazima ni hatari. Historia haisemi hivyo. Kwa muda mrefu sana, mtoto mwenye malaria kali alitibiwa kwa kwinini. Mwaka 2005 utafiti mkubwa uliofanywa Asia, ambako wagonjwa wengi walikuwa watu wazima, ulionyesha kwamba dawa mpya zaidi, atesuneti ya sindano, hupunguza vifo kutoka asilimia 22 hadi 15. Je, watoto wa Afrika wangenufaika vilevile? Wako waliotaka dawa iazimwe mara moja. Wengine walisema mwili wa mtoto na malaria ya Afrika vina tabia zake.

Swali hilo lilijibiwa kwa kupima. Watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walitibiwa ama kwa kwinini ama kwa atesuneti. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: vifo vilikuwa asilimia 10.9 kwa waliopewa kwinini na asilimia 8.5 kwa waliopewa atesuneti. Mwaka 2011, mwaka uleule ambao Sudan Kusini ilipata uhuru, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza atesuneti kuwa dawa ya kwanza kwa watoto wenye malaria kali. Kwa hiyo dawa ya kuazima ilipimwa, ikafaa, ikawa mali halali ya mtoto.

Weka visa hivi vitatu pamoja. Fenobabitali ilionekana kuwa na faida, ikadhuru. Maji ya haraka yalionekana kuwa na faida, yakadhuru. Atesuneti ilionekana kuwa na faida, ikaokoa. Kabla ya kupimwa, zote tatu zilikuwa na hoja nzuri na watetezi wenye nia njema. Hakuna aliyeweza kuzitofautisha kwa hekima yake tu.

Idhini ya mzazi

Hata hivyo, kupima kunahitaji watoto wa kupimiwa, na hapo ndipo hofu ya wazazi huanza. Hofu hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo huko Kano, Nigeria, kampuni ya Pfizer ilijaribu dawa yake Trovan kwa watoto. Watoto wapatao 200 walihusishwa, nusu wakipewa Trovan na nusu dawa nyingine iliyokwisha kuzoeleka; 11 kati yao walikufa. Familia zilidai kwamba hazikuelezwa vya kutosha kuwa watoto wao wamo katika jaribio. Kampuni ilikana kutenda kosa, na mwaka 2009 ilifikia mapatano ya dola milioni 75 na jimbo la Kano.

Kwa upande mwingine, mzazi ambaye mtoto wake anakata roho hawezi kuketi na kusoma kurasa kumi za maelezo. Watafiti wa FEAST walitumia njia ya hatua mbili pale dharura ilipobana: mzazi aliombwa kwanza ridhaa yake kwa maneno machache, kisha mtoto alipotulia akaelezwa kwa kirefu na kuombwa idhini ya maandishi. Njia hiyo ina wakosoaji wake, hasa pale mtoto alipofariki kabla ya hatua ya pili. Lakini inatuonyesha kwamba swali la idhini linaweza kutafutiwa jibu la heshima hata usiku wa manane katika wodi iliyojaa.

Katika Kiswahili tunatofautisha kutibu na kujaribu. Anayetibu humtazama mgonjwa aliye mbele yake. Anayejaribu hutafuta elimu kwa ajili ya wagonjwa wajao. Mzazi ana haki ya kujua ni kitenzi kipi kinachotendeka juu ya mwanawe. Tena kuna hali ya tatu iliyojificha katikati: daktari anayetumia dawa isiyopimwa, bila kuandika na bila kuhesabu, huwa anajaribu pasipo kujifunza. Hali hiyo ndiyo inayopaswa kututia wasiwasi kuliko zote, na ndiyo isiyoandikwa magazetini.

Watoto wa chini ya kilo 5

Mfano wa mwisho uko karibu nasi zaidi. Dawa mseto ya malaria inajulikana katika kila zahanati ya Afrika Mashariki. Mwanzoni ilikuwa kidonge kichungu, na mama alikisaga na kukichanganya na maji au maziwa akitumaini mtoto hatakitema. Baada ya majaribio kwa watoto 899 katika nchi 5, zikiwamo Kenya na Tanzania, kidonge kitamu kinachoyeyuka majini kilianza kutumika mwaka 2009. Lakini kilikuwa na kibali kwa watoto wa kilo 5 na zaidi tu. Mchanga wa kilo 4 alipougua malaria, mhudumu alimpa dawa ya wakubwa zake, kwa kuwa hakukuwa na nyingine. Ni Julai 2025 tu ambapo mamlaka ya dawa ya Uswisi ilitoa kibali kwa dawa ya malaria iliyotengenezwa kwa ajili ya watoto wa kilo 2 hadi 5. Kwa miaka yote ya katikati, wachanga hao walitibiwa nje ya kibali, na hakukuwa na njia nyingine ya kuwatibu.

Wajibu wetu hapa Juba

Katiba ya Mpito ya Sudan Kusini ya mwaka 2011, ibara ya 17, inampa kila mtoto haki ya kuishi na kukua, na inataka maslahi yake yatangulizwe. Ibara ya 31 inaitaka serikali ikuze afya ya umma na kutoa bure huduma ya afya ya msingi na ya dharura. Sheria ya mwaka 2012 ilianzisha mamlaka ya kudhibiti dawa na chakula. Mwaka huohuo, huko Arusha, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilizindua mpango wa kulinganisha usajili wa dawa katika nchi wanachama, na sisi tulijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2016. Kwa hiyo tunazo hati za kutosha za kuanzia. Kazi iliyobaki ni kuzidai ziwe na maisha katika wodi.

Raia afanye nini? Kwanza, asiige nyumbani kile ambacho daktari hufanya hospitalini. Daktari anayetumia dawa nje ya kibali humpima mtoto uzito, huhesabu dozi, na hukaa karibu kuona kitakachotokea. Mzazi anayemega kidonge cha mtu mzima kwa kisu cha jikoni hana hata kimoja kati ya hivyo. Pili, mzazi asiikimbie dawa kwa sababu tu amesikia kwamba iko nje ya kibali; mara nyingi ndiyo bora iliyopo. Tatu, aulize. Dawa hii inaitwaje? Mmempima mtoto uzito? Kwa nini mmechagua hii? Nitazame dalili gani? Mmeandika wapi? Kuuliza si ujinga, na mhudumu mwema hufurahi kuulizwa.

Swali la mwisho kati ya hayo, la kuandika, ndilo zito zaidi. Nchi yetu ina watoto wengi wanaougua malaria, nimonia na utapiamlo, na mara nyingi wanatibiwa kwa kanuni zilizotokana na wodi za Kilifi, Mbale na Muheza. Tunapaswa kuwashukuru watoto wa wodi hizo na wazazi wao. Lakini mtoto wa Juba naye anastahili daftari linalosema alipewa nini, kiasi gani, na yaliyompata baadaye. Hapo ndipo atakapoacha kuwa yatima wa tiba.

Msamiati

Kibali: ruhusa rasmi inayotolewa na mamlaka.
Mahututi: aliye katika hali mbaya ya ugonjwa, karibu na kufa.
Degedege: ugonjwa wa ghafla unaomfanya mtoto akakamae na kutikisika bila kujitawala.
Mtoto njiti: mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia.
Idhini: ukubali unaotolewa na mwenye haki ya kukubali au kukataa.
Kinaya: hali ambayo matokeo huenda kinyume na kilichotazamiwa.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini sheria zilizokusudiwa kuwalinda watoto ziliwafanya wakose dawa zilizopimwa kwa ajili yao?
2. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kutibu, kujaribu, na kujaribu pasipo kujifunza.
3. Je, ni haki kumwomba mzazi idhini kwa maneno machache wakati wa dharura? Toa hoja mbili za kukubali na mbili za kupinga.
4. Andika mazungumzo mafupi kati ya mama na muuguzi wa wodi ya watoto, mama akiuliza kuhusu dawa ya mwanawe. Tumia angalau maneno matatu kutoka katika msamiati.